Siku Toroli la Magogo Lilipoingia Ofisini kwa Mkurugenzi

Nje ya geti la kiwanda cha mbao pana benchi moja refu. Lilitengenezwa kwa ubao uliokataliwa na wanunuzi kwa kuwa umepinda, na mpaka leo ukikaa upande wa kulia utajikuta unateleza pole pole kumwelekea jirani yako, upende usipende. Shangazi, muuza kahawa, huweka jiko lake la mkaa pembeni, birika juu, vikombe ndani ya ndoo, na kila kiwanda kinapopumzika wateja wake wanne hujipanga hapo kama walioitwa kwa kengele. Kuna Dizeli, dereva wa lori la magogo, ambaye akinong'ona mtaa wa pili unasikia. Kuna Kipimo, seremala, tepu kiunoni, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna kitu duniani kimenyooka. Kuna Taarifa, mlinzi wa geti, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Na kuna Kulabu. Huyu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisimama juu ya toroli, lile gari la chuma linalolibeba gogo juu ya reli na kulipeleka kwenye msumeno, linakwenda na kurudi, naye amelibana gogo kwa kulabu lisizunguke. Wale watatu ni watu wa kusema. Kulabu ni mtu wa kuitikia.

Mchana ule hata kuitikia kulimshinda. Mfukoni alikuwa na barua.

— Hebu isome tena, — alisema Dizeli. — Pale kwenye mchango.

Kulabu akaikunjua.

— "Unatakiwa kufika mbele ya Kamati saa nane kamili mchana, ueleze mchango wako katika tukio."

— Mchango! — Dizeli akapiga paja. — Kama vile ni harusi!

— Sasa ni saa ngapi? — aliuliza Shangazi.

— Saa saba na dakika kumi.

— Basi kunywa. Mtu haendi kufukuzwa kazi na tumbo tupu.

Tukio lenyewe lilikuwa limetokea jana yake, na mji mzima ulikuwa umelisikia. Kiwanda kilinunua toroli jipya. Lilikuja limefungwa kwenye sanduku kubwa kama nyumba, la kijani, linang'aa, na sifa yake ya kwanza ni kwamba halihitaji mtu wa kusimama juu yake. Kucha zake za chuma hulikamata gogo zenyewe kwa nguvu ya upepo wa pampu, taa nyekundu huchora mstari pale msumeno utakapopita, na mwendeshaji hukaa pembeni ndani ya kibanda cha vioo, anabonyeza vitufe kama anayepiga kinanda. Mkurugenzi aliandaa hafla. Turubai la wageni likafungwa mwisho wa reli, mbele ya ofisi, kwa sababu picha zingetoka vizuri toroli likija kwa mbele. Utepe ukakazwa. Wakachagua gogo kubwa kuliko yote. Mkurugenzi akasema "mapinduzi" mara saba, akaingia kibandani, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Toroli likaenda. Msumeno ukalipasua gogo safi kabisa, watu wakapiga makofi. Kisha toroli likaendelea kwenda. Likakata utepe bila kuomba mkasi, likawatawanya wageni, likapita chini ya turubai na kulibeba begani, likavunja ukuta, likatulia mbele ya meza ya Mkurugenzi, ncha ya gogo imeegemea faili, kama mtu aliyekuja na shida zake na sasa anasubiri kuhudumiwa.

Hakufa mtu. Mgeni rasmi alipoteza kiatu kimoja. Mhudumu wa ofisi, binti wa dada yake Kulabu, alikuwa amebeba sinia la chai hatua moja tu kutoka kwenye reli. Gogo lilimpita mbele ya pua. Maganda ya mti yakaingia kwenye vikombe, chai ikamuunguza mkono kuanzia kiwiko mpaka kidoleni.

Kabla jua halijazama kamati ya watu watano ilikuwa imeshaundwa: mhasibu, mwanasheria, mtu wa utumishi, shemeji yake Mkurugenzi, na mpiga picha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi. Katika wote watano hakuna aliyewahi kukanyaga toroli, hata kwa bahati mbaya.

— Sikiliza, ndugu yangu, — Dizeli alimwinamia Kulabu. — Ukifika mbele yao, usijitetee. Mshitaki gogo.

— Gogo?

— Gogo! Nililileta mimi. Tangu kule mlimani lilikuwa na haraka zake. Nimezima lori, nimevuta breki ya mkono, nimeweka mawe kwenye matairi, bado nalisikia linanisukuma mgongoni. Mti umekulia kwenye mteremko miaka themanini, kazi yake ni kutazama bondeni tu. Halafu siku moja mnaupandisha kwenye kitu chenye magurudumu! Mlitegemea ukae?

— Lilikuwa na hamu, maskini, — alisema Shangazi.

— Sana!

Kipimo alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo, kwa huruma, kama daktari anayesikiliza wagonjwa wakijitibu.

— Gogo mnalionea bure. Tatizo ni mlalo. Nilisema siku ile wanashusha sanduku, nikasema, jamani, pimeni mlalo wa reli. Wakaniambia mzee, tunatumia kompyuta. Haya. Tazama.

Akachukua kikombe chake, akakiweka katikati ya benchi. Kikombe kikafikiri kidogo, kikaanza kuteleza. Taarifa akakidaka.

— Mmeona?

— Benchi ndilo limepinda, — alisema Shangazi. — Tena ulilitengeneza wewe.

— Benchi halijapinda! Benchi limefuata ardhi. Ardhi yote hii imeinama, kuanzia kwa kinyozi mpaka pale ofisini. Na si hapa tu. Wale waliotengeneza hilo toroli wanakaa upande wa juu wa dunia. Huko limezoea kukaa limetulia. Ukilileta huku chini, lazima liteleze. Hiyo ni hesabu.

— Hesabu ya darasa la ngapi? — aliuliza Dizeli.

— Ya maisha.

Kulabu alicheka kidogo tu. Macho yake yalikuwa yametua kwenye kiti cha Dizeli. Dizeli hakuwa amekaa kwenye benchi. Tangu juzi alikuwa amejipatia kiti chake mwenyewe, tairi kuukuu la lori aliloliokota kwenye takataka za kiwanda, na alijisifu kwamba ndilo kiti pekee pale kisichoteleza. Kulabu alilijua lile tairi kama mtu anavyoijua kandambili yake. Alilifunga yeye.

Ilikuwa hivi. Toroli la zamani breki yake ilikufa Kulabu akiwa na miaka minne kazini. Akaandika barua kuomba nyingine, akajibiwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akaandika ya pili, nayo ikapokelewa. Ya tatu hakuandika. Alichukua kipande cha mti mgumu, akakichonga mfano wa soli ya kiatu, akakipigilia mpira wa tairi, akakifunga chini ya mguu wake wa kulia, pale pale aliposimama. Akikikanyaga, kinabana gurudumu, toroli linasimama. Kwa zile siku ambazo mguu unachelewa, akaenda mwisho wa reli akafunga matairi manne ya lori kwa minyororo, toroli likija kwa kasi lidunde lirudi. Miaka kumi na minane hakuna aliyeumia. Hakuna pia aliyemuuliza toroli lile linasimama kwa kitu gani.

Siku moja kabla ya hafla, msimamizi alimwita. "Yatoe yale matairi mwisho wa reli, wageni wasione uchafu." Kulabu alijua yale matairi ni ya nini. Alikuwa na mdomo. Lakini asubuhi ile alikuwa amelizunguka toroli jipya mara tatu akitafuta mahali pa kusimama mtu, asipate. Kifua kikamjaa. Akachukua spana, akafungua minyororo, tairi moja baada ya jingine, akayabingirisha hadi kwenye takataka, hakusema neno.

Tangu jana, kila akifumba macho alikuwa akiliona sinia la chai.

— Nyinyi wote mnapiga makelele tu, — Taarifa alisema, akageuka kuangalia kulia na kushoto, ingawa barabarani alikuwepo mbuzi mmoja tu. — Mimi nina habari ya ndani. Ni hujuma. Wenye kile kiwanda cha ng'ambo ya mto wamefanya hii kitu kwa simu.

— Kwa simu vipi?

— Unabonyeza huku, toroli linakwenda kule. Nilimwona mtu kwa macho yangu. Miwani myeusi, suti, kila mara anatazama simu yake.

— Huyo si alikuwa mgeni rasmi? — alisema Kipimo.

Taarifa hakuyumba hata kidogo.

— Ndiyo ujue sasa jambo lilivyo zito.

— Aliyekimbia na kiatu kimoja?

— Kiatu kile alikiacha makusudi. Ili tusimshuku.

Shangazi akamimina kahawa duru ya tatu. Alikuwa akimtazama Kulabu kwa pembe ya jicho.

— Na lile toroli, — Taarifa aliendelea, sasa amepata upepo, — lina ubongo ndani. Wenyewe walisema. Sasa kitu chenye ubongo kikiingia mahali pa kazi, jambo la kwanza kinauliza nini? Kinauliza mkubwa yuko wapi. Si liliacha msumeno, likaacha wageni, likaenda moja kwa moja ofisini? Mbona halikuingia chooni? Mbona halikuingia stoo?

— Lilikuwa linakwenda kuomba likizo! — Dizeli alipiga kelele.

— Siku ya kwanza kazini? — aliuliza Kipimo.

— Ndiyo usasa huo, bwana! Sisi tulisubiri miaka. Kitu cha kisasa hakisubiri, kinavunja ukuta.

— Basi Kulabu aseme hivyo, — Taarifa alihitimisha. — Aseme: waheshimiwa, mashine inadai haki zake. Waone nani atabisha.

Walikuwa bado wanacheka mwanamke mmoja alipotoka getini. Alivaa suruali ya kazi yenye madoa ya grisi magotini, nywele amezifunga kwa kitambaa, na mkononi alikuwa na daftari lililoviringishwa. Hakuna aliyemfahamu.

— Shikamoo, mama, — alimwamkia Shangazi. — Naomba kahawa, kama ipo.

— Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Ukiteleza, usishangae.

Akakaa, akateleza, akamgusa Kipimo bega, akaomba radhi. Taarifa, ambaye hakuipenda hali ya kutomjua mtu aliyepita getini kwake, akamsogelea.

— Dada, wewe ni wa wapi?

— Ni fundi. Nimetumwa na waliouza hilo toroli. Nimeingia alfajiri, kabla ya zamu yako, nimekuwa chini yake mpaka sasa.

Benchi zima likanyooka, kama si kwa ubao basi kwa migongo.

— Umeona nini? — Dizeli aliuliza. — Gogo, sivyo?

— Mlalo, — alisema Kipimo.

— Simu, — alisema Taarifa.

Fundi akapuliza kahawa yake.

— Breki zake zinatumia upepo, na zile kucha za kushika gogo nazo zinatumia upepo ule ule. Gogo lilikuwa kubwa mno, kucha zikaumaliza upepo wote, breki ikakosa. Hilo ni kosa letu sisi, nitalitengeneza. — Akafungua daftari. — Kinachonisumbua ni kingine. Kitabu chetu kinasema mwisho wa reli lazima pawe na kizuizi. Nimekwenda pale nimekuta alama za minyororo, mikwaruzo ya miaka na miaka, lakini hakuna kitu. Palikuwa na nini?

Dizeli, ambaye alikuwa na jibu la kila swali tangu azaliwe, akaliangalia tairi alilokalia.

— Palikuwa na matairi, — alisema Kulabu.

— Nani aliyatoa?

Shangazi akaacha kuchochea makaa.

— Mimi.

— Uliagizwa?

— Niliagizwa. Wageni wasione uchafu.

— Ulijua yana kazi gani?

— Niliyafunga mwenyewe, — alisema Kulabu. — Miaka kumi na minane iliyopita.

Fundi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu anayetaka tu kuandika jambo sawasawa.

— Sasa, baba, kwa nini hukusema?

Kwanza Dizeli akafungua mdomo, akasema, "Hakuulizwa." Kipimo akaongeza kwamba barua za mtu huyu hazijibiwi tangu enzi. Taarifa akasema kazi ya mtu wa toroli si kusema, kuna watu wanalipwa kwa kusema. Fundi alisubiri wamalize, akamgeukia tena Kulabu, na swali bado lilikuwa pale pale, halijapata jibu. Kila mmoja alikumbuka alikuwa wapi asubuhi ile ya spana. Taarifa alimwona getini akibingirisha tairi la kwanza, akamtania. Kipimo alimsaidia la pili. La tatu Dizeli alilipenda.

— Saa nane kasoro tano, — Shangazi alisema pole pole.

Kulabu akanyanyuka, akapangusa maranda kwenye suruali, akaingia getini.

Kamati ilikutana stoo, kwa kuwa ofisi bado ilikuwa na gogo. Watano walikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa cha hafla ya jana, chenye alama ya gurudumu la toroli lililokikanyaga. Mhasibu, ambaye ndiye mwenyekiti, alisoma maelezo marefu kuhusu umuhimu wa mashine na thamani ya picha, kisha akamuuliza Kulabu kama ana la kusema.

Kulabu akaeleza yote. Breki iliyokufa, barua mbili, soli ya mti, matairi, agizo la msimamizi, spana. Walimsikiliza bila kumkatiza, na mpiga picha, aliyekuwa katibu, aliandika kwa kasi.

— Kwa hiyo ulijua ni hatari, — alisema mwanasheria.

— Nilijua.

— Na hukutoa taarifa. Sababu?

Kulabu akavuta pumzi. Angeweza kusema hakuulizwa. Lilikuwa jibu zuri, lingemtoa stoo mle akiwa msafi.

— Nilinuna, — alisema.

Kalamu ya katibu ikasimama.

— Unasema?

— Nilinuna. Niliona toroli halina mahali pangu pa kusimama. Nikanuna, nikafungua matairi, nikanyamaza.

Watano wakatazamana. Mtu wa utumishi akakohoa.

— Katibu, andika "kulikuwa na changamoto za mawasiliano".

— Hapana, — alisema Kulabu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo ndani ya kiwanda kile. — Changamoto hiyo mtaitafuta mpaka mwakani, mtaundia kamati nyingine. Andika nilinuna. Pembeni uandike kwamba barua zangu mbili zipo kwenye faili la vitu vilivyopokelewa.

Shemeji yake Mkurugenzi akaagizwa aende kutazama. Faili lilikuwa chini ya gogo, lakini barua zilikuwemo, zote mbili, zimegongwa muhuri vizuri sana. Baada ya hapo maneno ya kamati yalipungua. Wakamtoa nje, wakashauriana, wakamwita tena. Atapewa onyo kali kwa maandishi. Msimamizi naye atapewa lake. Na kwa siku tisa zijazo Kulabu atafanya kazi na fundi mgeni kuweka vizuizi mwisho wa reli, kisha fundi amfundishe kukaa kwenye kile kibanda cha vioo, kwa sababu fundi, walipomwita kushauriana naye, alimwambia mwenyekiti kwamba kubonyeza vitufe atamfundisha mtu yeyote kwa wiki moja, ila kumfundisha mtu gogo linavyojigeuza ni kazi ya miaka, na yeye hana miaka hiyo.

Saa kumi na moja Kulabu alitoka getini, akawakuta wote watatu bado wapo, wamejazana upande mmoja wa benchi.

— Umesemaje? — walimrukia.

— Nimesema nilinuna.

Dizeli akashika kichwa.

— Miaka ishirini na miwili kazini, unakwenda mbele ya mwanasheria unasema umenuna? Tumekupa gogo! Tumekupa dunia imeinama! Tumekupa mpaka simu!

— Shangazi, nimiminie.

Shangazi akaliinua birika, akaligeuza juu chini. Halikutoa hata tone.

— Imekwisha, baba. Hawa wamekunywa ya kwako kwa wasiwasi.

Binti wa dada yake Kulabu akatokea getini, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye vidole. Wale watatu wakampisha. Kulabu alikuwa amejiandalia maneno njia nzima kutoka stoo, na sasa hakulikumbuka hata moja.

— Mpwa wangu, — alianza, — yale matairi...

— Najua, mjomba. Nilikuona siku ile. Nilikuamkia mara mbili, hukuitika. Nikajua umenuna, nikasema nikuache.

Kulabu akatazama ile bandeji. Akajibwaga kwenye benchi.

— Lakini siku nyingine ukinuna, — binti akasema, akikaa kando yake na kuanza kuteleza taratibu kumwelekea, — niambie nisogee.